Karatasi, maji ya rangi au mizani: njia ipi ya kumzoeza mwanafunzi mikropipeti?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukabidhiwa mikropipeti, kifaa cha mkono cha kuvuta na kutoa kimiminika kidogo sana, mapema, na mara nyingi hakuna anayemhakiki. Wiki chache baadaye anatakiwa kuchanganya mikrolita 2 (mikrolita ni sehemu moja ya elfu ya mililita) za DNA na mikrolita 18 za mchanganyiko wa PCR, mbinu ya kurudufisha DNA. Jaribio likigoma, kila kitu kinashukiwa: vimeng'enya vimeharibika, umeme ulikatika usiku friza ikayeyuka, mashine imechoka. Kidole gumba hakishukiwi, ilhali ndicho kilichokuwa kinashika usukani.

Kwa hiyo kabla ya DNA, kabla ya protini, kabla ya chochote cha gharama, mwanafunzi anahitaji kipindi cha kujipima mwenyewe. Njia ambazo maabara nyingi za vyuo vyetu zinaweza kuzimudu ni tatu: kutona matone kwenye karatasi, kuchanganya maji ya rangi, na kupima maji kwenye mizani. Walimu wengi huchagua kwa kuangalia kilichomo kabatini. Naelewa kwa nini, lakini nashauri tuanzie kwingine: ni kosa gani unataka lionekane? Maana kila njia kati ya hizi hufichua makosa fulani na kufunika mengine, na mwalimu asiyejua kinachofunikwa atampa mwanafunzi cheti cha kitu asichokiweza.

Kwanza, mkono hukosea wapi

Mikropipeti za kawaida hufanya kazi kwa mto wa hewa. Pistoni haigusi kimiminika. Kati yake na maji kuna hewa kidogo inayovutwa na kusukumwa. Heinrich Schnitger alibuni kifaa hiki huko Marburg, Ujerumani, mwaka 1957, enzi ambazo watu walikuwa bado wanafyonza sampuli kwa mdomo kupitia mrija wa kioo. Hewa hiyo ndiyo inayofanya kifaa kiwe salama, na ndiyo hiyo hiyo inayokifanya kiwe chepesi kudanganyika: joto, mwinamo wa pipeti, tipu (ncha ya plastiki inayochomekwa na kubadilishwa) isiyokaza na kasi ya kidole vyote huigusa.

Kosa kubwa kuliko yote ni la kikomo cha pili. Kitufe kina vikomo viwili. Unabonyeza hadi cha kwanza ndipo uzamishe tipu na kuvuta. Cha pili ni cha kumalizia kutoa tu. Mwanafunzi anayebonyeza hadi mwisho kabla ya kuvuta huchukua maji mengi kuliko aliyokusudia, kila mara, bila kujua.

Linalofuata ni kuachia kitufe ghafla. Maji hupanda kwa kishindo, yanaingia na povu, na wakati mwingine yanarukia ndani ya pipeti yenyewe. Kuna kuzamisha tipu hadi katikati, maji yakaganda nje ya tipu na kwenda nayo, wakati milimita 2 au 3 zinatosha. Kuna kuinamisha pipeti kama kalamu. Kuna kutoa tipu majini papo hapo bila kusubiri sekunde moja maji yatulie.

Na kuna kosa la kusoma namba, ambalo si la mkono kabisa. Kwenye pipeti za muundo wa kampuni ya Gilson dirisha huonyesha tarakimu tatu, na jina la pipeti, kama P1000 au P20, hutaja mikrolita nyingi zaidi inazoweza kubeba. Zikisomeka 1, 0, 0, kwenye P1000 hiyo ni mikrolita 1000, kwenye P200 ni mikrolita 100, kwenye P20 ni mikrolita 10.0. Tarakimu ni zile zile, ujazo unatofautiana mara mia. Mwanafunzi anaweza kuwa na mkono wa dhahabu na bado akaharibu kila kitu hapa.

Sasa tuziweke njia zetu mbele ya makosa haya.

Matone kwenye karatasi

Unachora duara kwenye karatasi, unaipaka laminesheni au unatandika parafilm (utando mwembamba usiopitisha maji) juu yake, unawapa wanafunzi maji ya rangi na kuwaambia watone mikrolita 2, 5, 10 na 20 katika safu. Wengine hutumia sahani za visima 96 na kuwaachia wanafunzi wachore bendera au maua kwa matone ya rangi. Gharama ni ndogo mno, darasa la watu sitini linaweza kufanya kwa zamu, na kila anayepita anaona kinachoendelea.

Faida yake halisi ni kwamba inamzoesha mwanafunzi kifaa chenyewe: kufunga tipu, kuhisi kikomo cha kwanza, kushusha tipu bila kutetemeka, kutoa tone likabaki pale linapotakiwa. Mwalimu akisimama nyuma anaona mkao wa mkono. Povu linaonekana. Tone lililobaki kwenye tipu linaonekana.

Usahihi wa ujazo ndio hauonekani, na sababu yake ni ya hesabu tu. Kipenyo cha tone hukua kwa mzizi wa tatu wa ujazo wake. Tone la mikrolita 10 lingekuwa tufe kamili, kipenyo chake kingekuwa kama milimita 2.7. Ongeza ujazo kwa asilimia 10, kosa ambalo lingeharibu majaribio mengi, na kipenyo kinaongezeka kwa asilimia 3 tu, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Hakuna jicho la mwalimu litakaloona hilo kutoka upande wa pili wa meza. Hata ukizidisha ujazo mara mbili, kipenyo kinaongezeka kwa robo hivi.

Karatasi ya kuchujia ina nafuu kidogo, kwa sababu maji husambaa na doa hufuata eneo, kwa hiyo asilimia 10 ya ujazo inakuwa karibu asilimia 5 ya kipenyo cha doa. Bado ni kazi ya rula, tena kwa doa lenye kingo zisizo safi.

Kwa hiyo karatasi naiona kama mlango. Dakika ishirini au thelathini za mwanzo, kabla mwanafunzi hajapimwa chochote. Safu nzuri ya matone yanayolingana inapendeza macho na inampa mwanafunzi moyo, lakini anayeichukua kama ushahidi kwamba pipeti yake inatoa mikrolita 10 atakuwa amejidanganya.

Maji ya rangi

Hapa kuna mazoezi mawili tofauti yanayobeba jina moja, na tofauti yao ni kubwa.

La kwanza halihitaji mashine yoyote. Mwanafunzi anaweka kwenye mrija mdogo wa mililita 1.5 mikrolita 12 za maji mekundu, kisha 5 za bluu, kisha 3 za njano, akibadilisha tipu kila rangi. Anazungusha mrija kwenye sentrifuji ndogo, mashine ya kuzungusha mirija kwa kasi, au anaugonga taratibu mezani ili vyote vishuke chini. Halafu anaweka P20 kwenye 20.0 na kuvuta jumla yote. Kama alipima vizuri, tipu inajaa na mrija unabaki mkavu. Maji yakibaki chini, alizidisha. Hewa ikionekana kwenye ncha ya tipu, alipunguza.

Nalipenda zoezi hili sana, kwa sababu jibu linakuja papo hapo na linamjia mwanafunzi mwenyewe. Ncha ya tipu ni nyembamba, kiasi kwamba hata nusu ya mikrolita inaonekana kama pengo la wazi. Utasikia mtu akiita, "Mwalimu, mbona yangu imebaki?", na hapo hapo jirani yake anaanza kumchunguza alivyobonyeza. Mafunzo ya namna hiyo hayahitaji hotuba.

Ila lina upofu wake. Mkono unaokagua ndio uliopima. Anayebonyeza hadi kikomo cha pili alizidisha kila rangi kati ya zile tatu wakati wa kuweka, na anazidisha tena wakati wa kuvuta jumla, kwa hiyo sehemu ya kosa lake inamezwa. Na kama pipeti yenyewe imeharibika kipimo, zoezi zima linatoka safi. Dawa ni ndogo: uvutaji wa jumla ufanywe na mwalimu au fundi sanifu wa maabara, kwa pipeti nyingine iliyokwisha kuhakikiwa.

Zoezi la pili linahitaji spektrofotomita au kolorimita, vyombo vinavyopima mwanga unaofyonzwa na rangi. Mwanafunzi anachanganya mikrolita 10 za rangi iliyokolea na mikrolita 990 za maji, mara tano kwa mirija mitano, kisha kila mmoja unasomwa. Rangi ya bluu ya chakula husomeka vizuri karibu na nanomita 630. Ufyonzaji wa mwanga hupanda sambamba na wingi wa rangi mradi usomaji usiwe mkubwa mno. Kati ya 0.2 na 1.0 ni mahali pazuri.

Uzuri wake uko kwenye hesabu ya makosa. Mwanafunzi akikosea mikrolita 10 kwenye zile 990, rangi inabadilika kwa asilimia 1 tu. Akikosea mikrolita 1 kwenye zile 10, inabadilika kwa karibu asilimia 10. Maana yake usomaji huu unamulika pipeti ndogo na kuiacha kubwa gizani. Mrija uliotakiwa kusoma 0.500 ukisoma 0.550, unajua pa kuangalia: P20, karibu kwa hakika. Kwa ujazo wa chini ya mikrolita 20, ambako mizani za vyuo vingi hushindwa, hii ndiyo njia ya kuaminika kuliko zote tatu.

Sharti lake ni kuwa na kipimo rejea ambacho hakikutengenezwa kwa mikropipeti. Chukua pipeti ya kioo ya mililita 10, weka rangi ile ile kwenye chupa ya ujazo ya lita 1, jaza maji hadi kwenye alama. Hapo una uwiano wa moja kwa mia uliopimwa kwa vyombo vikubwa ambavyo ni vigumu kukosea, na unatosha darasa zima. Bila rejea hiyo utaweza kujua kama mirija mitano ya mwanafunzi inafanana yenyewe kwa yenyewe, basi. Kama yote mitano imezidi kwa kiasi kile kile, hutajua.

Mizani

Maji yana hisani kubwa kwa mwanafunzi: mikrolita moja ina uzito wa karibu miligramu moja. Weka kichupa kwenye mizani, sawazisha sifuri, toa maji, soma. Hakuna mahali pengine ambapo mkono unapewa namba bila kubembelezwa.

Hilo "karibu" lina umuhimu wake. Kwenye nyuzi joto 20 za Selsiasi, mikrolita 1000 za maji safi zinapimwa kama miligramu 997. Kwenye nyuzi 30, hali ya kawaida kwenye maabara ya Dar es Salaam au Mombasa isiyo na kiyoyozi, ni karibu miligramu 995. Kupata ujazo, zidisha miligramu kwa 1.0029 kwenye nyuzi 20, 1.0040 kwenye nyuzi 25, na 1.0054 kwenye nyuzi 30. Kwa hiyo mwanafunzi anayesoma gramu 0.995 mchana wa joto hana upungufu wowote, na ni vibaya kumkata maksi.

Tumia maji yaliyokenekwa. Yasipopatikana chuoni, yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za magari yanafaa kwa zoezi hili, lakini soma lebo kwa makini, kwa sababu tindikali ya betri nayo huuzwa kwenye chupa zinazofanana na wauzaji wengine huziita zote "maji ya betri". Yaache mezani saa kadhaa yafikie joto la chumba.

Mizani inakupa vitu viwili ambavyo njia nyingine hazivitenganishi vizuri. Tuseme wanafunzi watatu wanapima mikrolita 1000 mara tano chumba kikiwa nyuzi 30. Wa kwanza anasoma 0.994, 0.996, 0.995, 0.993, 0.996: yuko sawa. Wa pili anasoma 0.962, 0.963, 0.961, 0.962, 0.963: mkono wake umetulia kuliko wa kwanza, lakini anapunguza kila mara. Huyu hahitaji mazoezi zaidi ya kidole. Hahitaji hata kusemwa. Angalia kama tipu imekaza, kama amesoma dirisha vizuri, kama anamalizia hadi kikomo cha pili wakati wa kutoa. Wa tatu anasoma 0.970, 1.021, 0.988, 1.012, 0.984: wastani wake ni 0.995, mzuri kabisa, na hawezi kuaminiwa hata kidogo, kwa sababu jaribio halitatumia wastani wake, litatumia tone moja. Usahihi na uthabiti ni vitu viwili, na nijuavyo mimi hakuna njia inayomfanya mwanafunzi alione hilo haraka kama safu ya namba zake mwenyewe.

Swali ni mizani gani. Kiwango cha kimataifa ISO 8655, katika toleo la 2002, kiliiruhusu pipeti ya mikrolita 1000 kukosea hadi mikrolita 8 kwenye ujazo wake kamili, ya 200 hadi 1.6, na ya 20 hadi 0.2. Mizani inayosoma gramu 0.001 inaona mikrolita moja moja. Kwa P1000 hiyo inatosha kabisa. Kwa P200 inasuasua. Kwa P20 inaona ukungu tu. Hapo unahitaji inayosoma gramu 0.0001 au bora zaidi.

Ujanja unaotumika ni kulimbikiza: toa mikrolita 20 mara kumi kwenye kichupa kimoja, soma jumla, gawanya kwa kumi. Sasa unapima miligramu 200 na mizani ya gramu 0.001 inakupa wastani mzuri. Lakini ukishalimbikiza umepoteza uthabiti. Aliyezidisha mara tano na kupunguza mara tano anatoka safi. Yule mwanafunzi wa tatu amejificha tena.

Adui mwingine ni kukauka kwa maji. Kwenye kichupa cha mdomo mpana, feni ikizunguka juu, uzito unashuka mbele ya macho yako. Tumia kichupa chenye shingo nyembamba, weka maji kidogo ndani kabla ya kuanza, zima feni, funga milango ya mizani kama inayo. Kisha fanya jambo ambalo wengi hulipuuza: acha kichupa chenye maji juu ya mizani bila kukigusa kwa muda ule ule ambao matone kumi huchukua, soma kilichopungua, na ukiongeze kwenye jumla. Kwa P1000 tofauti haina uzito. Kwa P20 inaweza kuwa kubwa kuliko kosa unalolitafuta.

Wanafunzi walioko Nairobi au Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, waongezewe jambo moja. Shinikizo la hewa huko ni dogo, mto wa hewa ndani ya pipeti hutanuka zaidi unapobeba uzito wa maji, na kwa hiyo pipeti iliyohakikiwa kiwandani karibu na usawa wa bahari huvuta pungufu kidogo. Upungufu mdogo wa darasa zima, kwa mikono yote, unaweza kutoka hapo.

Basi uchague ipi

Kama una mizani ya gramu 0.001 na huna spektrofotomita, anza na karatasi kwa nusu saa, kisha mizani kwa P1000 na P200, na kwa P20 tumia zoezi la kuvuta jumla huku wewe ndiye unayevuta. Huo ndio mchanganyiko ambao ningeuchagua kwa vyuo vingi. Unashughulikia makosa karibu yote niliyoyataja na hauhitaji kununua chochote isipokuwa rangi ya chakula.

Kama mizani ni moja na wanafunzi ni sitini, usiwapange foleni kwenye mizani kipindi kizima. Wengi wawe kwenye mirija ya rangi, na kila mmoja aje mizani kwa vipimo vitano tu vya mikrolita 1000. Vitano vinatosha kutofautisha wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Mwenye spektrofotomita inayofanya kazi, na anayeandaa wanafunzi kwa PCR au vipimo vya protini, asiruke zoezi la 10 kwa 990. Ujazo mdogo ndio watakaoishi nao.

Mizani ya gramu 0.01 pekee? Bado ina kazi. Kosa la kikomo cha pili kwenye P1000 ni kubwa kiasi kwamba hata hiyo inalikamata. Itumie kwa hilo, usiitumie kutoa maksi.

Gliserini, damu na vimiminika vingine vizito viachwe kwa siku nyingine. Hivyo huvutwa kwa mtindo wa kinyume, ambapo kikomo cha pili hutumika kwa makusudi wakati wa kuvuta, na mwanafunzi ambaye bado hajakizoea cha kwanza atachanganyikiwa.

Na kabla ya kumwambia mwanafunzi yeyote kwamba mkono wake una tatizo, hakiki chombo. Lowesha tipu mpya kwa kuvuta na kurudisha maji mara mbili au tatu, jaza ujazo kamili, shikilia pipeti wima hewani na uhesabu sekunde ishirini. Tone likianza kujitokeza kwenye ncha, hewa inavuja mahali: badilisha tipu kwanza, na likirudi, pipeti hiyo itolewe mezani, ibandikwe karatasi na iende kwa fundi.